Gogo la Barabara ya Sokoni

Mume wangu Baraka, mjukuu unayeogopa kuoga huko Uingereza,

Sisi wa Jeddah wazima. Shangazi yako wa Riyadh kapata ikama mpya, kibali cha kuishi huku, anaringa kama kafili anayedhamini wageni.

Unauliza kwa nini wakulima wa mji wenu zamani walivunja mageti ya barabara za kulipia. Sikia. Nikiwa msichana kule kijijini kwetu, tajiri mmoja alifunga kwa gogo barabara ya soko letu, ambayo tuliilima wenyewe kwa majembe. "Lipeni, au nyanya zenu zioze!"

Tukaketi pale pale kwenye gogo, katikati ya barabara, tukauza, na wanunuzi wakatufuata. Kesho yake lori la tajiri likakosa pa kupita.

"Mama zangu, nipisheni!" tajiri akasihi.

"Ondoa gogo kwanza," nikamjibu, sauti ikitetemeka kama ya mbuzi.

Akaliondoa.

Mwalimu akiwaita wale wakulima wahuni, mwambie bibi yako ni mmoja wao.