Mawe ya Chemchemi Yako, Jerop

Jerop, huko uliko bado unainamia mawe kabla ya kusalimia watu?

Mwaka umetimia tangu ile homa ya mapafu ikutoe kwetu. Ni mimi gogo yako, bibi yako, ninayeandika, kwa sababu mama yako akishika kalamu analia.

Ulikuwa mwalimu huko Kapsoya, mpole kwa watoto wa watu. Jumamosi ulifika kwetu Ainabkoi na mkate, majani chai ya babu yako, na kile kioo chako cha kukuzia, umekifunga na kamba ya kiatu. Chai inapoa, wewe uko chini kwenye chemchemi, umelala kifudifudi, unahesabu vile vijimanyoya vya kijani vinavyoota juu ya mawe. Uliviita kuvumwani. Ulisema aina hiyo imebaki kwa chemchemi chache sana huku juu, na yetu ni moja. Babu yako, Mzee Kigen, alikutania siku moja ukimkata kucha, kwamba wajukuu wa wenzake wanaleta ng'ombe nyumbani, wa kwake anashughulika na uchafu wa mawe. Ulicheka, ukaendelea kumkata.

Sasa nikuambie kitu ambacho kimenichosha mwaka mzima. Wiki ya mazishi yako watu walikuwa wengi, na maji ya chai yalichotwa hapo hapo kwenye chemchemi. Niliogopa wageni wasiteleze. Mimi mwenyewe nilimwita jirani yetu Nasike, tukachukua jivu na brashi ya waya, tukasugua yale mawe mpaka yakawa meupe. Tulidhani tunakupa heshima. Kumbe tulikuwa tunang'oa kazi yako ya miaka sita. Na ulikuwa umeniambia mawe hayo yasiguswe, Jerop. Ni vile tu siku hizo kichwa changu hakikuwa na kitu.

Kilibaki kipande kimoja cha kuvumwani nyuma ya jiwe kubwa, kama kisosi. Kila asubuhi nateremka kukitazama. Magoti hayataki. Nilizungusha miiba, mbuzi wakapita, nikazungusha tena. Halafu mwezi huu Mzee akaleta mabomba, anataka kuvuta maji yote juu kabla hayajafika kwenye mawe, ayapeleke kwa ng'ombe. Nikamwambia kile kipande kitakauka. Akasema ng'ombe hawanywi kumbukumbu.

Tunaokukumbuka ni mama yako Jepchirchir, kaka yako Nicholas, Nasike, watoto wa darasa lako, mimi, na Mzee. Kukusahau hatuwezi, hata miaka ipite mingapi.

Jana nilimsomea Mzee haya yote, nikamuuliza kama kuna neno la kuondoa. Alizungusha kile kioo chako mkononi. Akaniambia mabomba atayashusha, yachukue maji yakishapita kwenye mawe. Nikadhani amemaliza.

"Andika pia," akasema, "nilitaka anishike mkono, nami nilale pale chini, anionyeshe. Niliona haya kumwomba."