Zambia Kushoto, Kongo Kulia

Bigwa, Jumanne

Wiki tatu za ndoa, na bado nikimwona Shabani anakunywa chai moyo unaniruka. Mungu wangu, nampenda huyu mwanaume! Na kesho anaondoka.

Aliyezoea kuendesha gari la mboga kutoka milima ya Mgeta sasa amepewa lori la kwenda hadi Kongo. Leo mchana nilimwomba anieleze barabara za huko. Akakunjua kanga yangu mkekani ikawa barabara, kiberiti kikawa lori.

"Zambia ni kama kwetu, mke wangu. Unapita kushoto, trafiki na tochi zao za mwendo. Ukivuka tu mpaka wa Kongo, unahamia kulia. Na usukani wangu uko kulia, kwa hiyo nikitaka kumpita mtu, anayekuja mbele simwoni."

"Sasa nani atakutazamia?"

"Wewe, kwa dua zako," akacheka.

Akasukuma kiberiti kuingia Kongo. Akakipitisha kushoto.

"Wewe! Si umesema kulia?"

Akakihamisha, akaendelea kusimulia. Kwenye kona kikarudi kushoto tena. Safari hii mwenyewe alikiona, akakirudisha kulia.

Nikamsihi asiende. Akanishika mkono, akasema ile kazi ya Mgeta wameshampa mtu mwingine, na nyingine hana.

Mikono mizuri kuliko yote Morogoro, na miaka tisa imezoea kushoto.

Nimemkunjia nguo, kila shati nimelibusu. Dua nimeomba. Ila moyoni, sijui, moyoni naona kama nimeshamuaga.