Umeme wa Beseni Pale Kivukoni

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Agnella Viktor. Umri: miaka 34. Dini: Mkatoliki. Kazi: mtafiti wa fizikia. Makazi: Lumemo, Ifakara.

Mashine iliyo mezani kwako, afande, ni yangu. Ninatafiti plazma, yaani hewa inayopigwa umeme mpaka ikang'aa, kama inavyokuwa kwenye radi. Nataka kujua kama inaweza kuua vijidudu kwenye maji ya kunywa. Hesabu za kompyuta zilikubali, ila vipimo vya nyumbani vilikataa. Nikahisi kosa ni maji ya ndoo, maana tope lilikuwa limeshatuama. Nikataka maji ya mto yakiwa bado na tope lake.

Mnamo tarehe 14 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, nilikuwa Kivukoni na Mzee Festo, mvuvi. Aliingia na mtumbwi, akachota maji katikati ya mto, akanimiminia kwenye beseni ukingoni. Nyaya ziliingia ndani ya beseni, mto hazikuugusa. Nilipowasha ukatoka mwanga wa zambarau.

Hapo akatokea Telesphory, kiongozi wa walinzi wa uvuvi, na wenzake. Aliona betri, nyaya, na perege wawili wadogo wamekufa ndani ya beseni. Akasema, "Wavuvi wa umeme wametumalizia samaki, na nyie tena?" Nikamwambia mashine ni yangu. Akanijibu, "Dada, kaa pembeni, tunamtaka fundi mwenyewe." Wakamfunga Mzee Festo kamba, wakamleta hapa.

Hasira yake naielewa, mto ndio shamba lao. Ila kunipita mimi mwenye mashine na kumkamata mzee wa watu, hilo limeniudhi sana. Perege wale walichotwa na maji bila sisi kuwaona, na umeme wangu ndio uliowaua. Sikatai. Mzee Festo hajui hata swichi iko wapi. Inaniuma kumwona nyuma ya nondo kwa kosa la kuchota maji.

Msiifungue mashine bila mimi, ina umeme wa hatari hata ikizimwa. Kama kuna wa kuwekwa ndani, niwekeni mimi. Utafiti siachi. Nitarudi Kivukoni, nichuje maji kwa chandarua kwanza, na Telesphory nitamwita asimame karibu aone.

Nimeyasema haya kwa hiari yangu, nimesomewa, na ndivyo ilivyokuwa.

Sahihi: Agnella Viktor

Maelezo yameandikwa nami, Koplo Salha, saa tisa alasiri. Shahidi ameambiwa aende nyumbani, atapigiwa simu. Amekaa kwenye benchi la kaunta. Anasema ataondoka na Mzee Festo.