Midomo ya Lorena

Los Angeles, Machi 1924

Shemeji Verna,

Pichi za chupa ulizotuma zimefika, chupa moja tu ndiyo iliyovunjika. Mbwa hajambo, bado analala mlangoni pa chumba cha dada yako Lorena. Gazetini ningali naandika safu yangu ya vichekesho kila asubuhi. Wamenihamishia kando ya tangazo la meno ya bandia. Mhariri anasema hapo walau msomaji atakenua.

Huko studio nako wamenipa filamu ya majonzi iliyowalaza watu usingizi. Kazi yangu unaijua: waigizaji wanachezesha midomo bila sauti, mimi ndiye ninayeandika maneno yanayotokea kwenye pazia la sinema.

"Pruitt, igeuze kichekesho," bosi aliniambia. "Huyo mama anayekata roho, mpe neno watu wavunjike mbavu!"

Nikampa: "Nani kala pai yangu?" Jana ukumbi mzima uliangua kicheko.

Umeniuliza tena Lorena alisema nini mwishoni. Shemeji, ule ugonjwa wa koo ulikuwa umeimaliza sauti yake. Alinishika mkono, midomo ikacheza. Nikamwambia, "Rudia, mpenzi." Akarudia. Nikamwomba tena, akarudia polepole, kama anayemfundisha mtoto kusoma. Sikuambulia kitu.

Najua ungependa sentensi moja nzuri ya kutia kwenye fremu, na kuwawekea watu maneno mdomoni ndiyo riziki yangu. Nimejaribu kukutungia, Verna. Tangu tumzike najaribu. Kila ninachoandika kinachekesha.

Mume wa dada yako,
Orville