Vijiko Vitatu vya Sukari

Njoroge, mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Hapa Kedowa tuko wazima, na ng'ombe wako amezaa. Umeuliza pombe ya asali inatiwa sukari kiasi gani kwa chupa ndio ipate gesi. Kijiko kimoja cha chai, basi.

Wiki moja kabla ya ruracio yangu, siku ya wakwe kuleta mahari, nilitia hicho kimoja. Mama, mtu wa kanisa, alikuwa ametia kingine kisiri. Shangazi naye akatia chake. Hakuna aliyeuliza mwenzake. Siku yenyewe, katikati ya maombi, chupa zikaanza kupasuka, nikajua ndoa imeharibika.

“Nyumba hii haina uchoyo,” akasema babu yako, akipangusa povu usoni.

Mpaka leo sukari ya chai yake naitia mimi peke yangu.

Cucu yako