Mkoba wa Dama

Mtopanga, Kisauni
Jumatatu, mvua imetupa nafasi

Kwa Kafedha, mwanangu na mama yangu, maana jina ulilobeba ni la aliyenizaa,

Marahaba naitanguliza kabla hujaniamkia, kwa kuwa najua shikamoo yako iko njiani nami sina subira. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa mwili na roho huko Nairobi, wewe na mchumba wako Kimani, na kwamba baridi haijakushinda. Mimi huku sijambo, ila mgongo, na huo siuhesabu tena kuwa ugonjwa. Nyumba nayo imesimama, ingawa masika ya mwaka huu yameipiga vibaya na bati la chumbani linavuja upande wa kabati.

Aliyekuletea barua hii ni Dishon, jirani yetu mwenye lori, na pamoja nayo amekuletea mfuko mweusi nilioufunga kwa kamba. Ndani yake umo mkoba wa marehemu mama yako, ule ulioniomba. Nakusihi usiufungue kwanza, soma mpaka mwisho. Ningeweza kukupigia simu, na nimejaribu, lakini kila nikikusikia naishia kukuuliza habari za kazi na za hali ya hewa, kisha naaga kama mtu mwenye haraka. Kwenye karatasi angalau siwezi kubadilisha mazungumzo.

Nakumbuka vizuri maneno yako. Ulisema siku ya harusi hutaki mkufu wala maua ya kununua, unataka kuingia kanisani na mkoba wa mama kwapani, vilevile alivyouacha, usipanguswe wala usitiwe chochote, kwa sababu ukiufungua bado yumo. Nilikujibu kwamba nimekusikia. Na ni kweli alikuwamo: ile poda yake, karafuu alizokuwa akitafuna kwa ajili ya jino, na mafuta ya nazi ya nywele. Mkoba wenyewe unaujua, wa kahawia, wenye bizimu ya shaba. Aliupata katika mitumba ya Kongowea wewe ulipokuwa bado unatambaa, akautengeneza kwa mikono yake, na wateja wote waliouulizia aliwaambia una mwenyewe.

Sasa nikupe habari za kazi, maana ndiyo iliyonifikisha hapa. Unajua kwamba kazi ya kutengeneza mikoba ilikuwa ya mama yako. Mimi nilikuwa kibarua wa magunia katika ghala moja kule Changamwe, na mgongo ulipogoma nikabaki nyumbani nikimtazama anavyosugua na kushona. Alivumilia kutazamwa siku chache, kisha akaniwekea mswaki mkuukuu mkononi. Ami yako Tinga alipokuja kututembelea na kunikuta na mkoba wa kike mapajani, alicheka mpaka akashika ukuta, akaniuliza kama wiki ijayo atanikuta nimejifunga leso. Mama yako alimjibu kwa upole kwamba leso zake ninazo nyingi za kuazima, na Tinga naye akihitaji aseme. Tinga hakucheka tena siku hiyo, lakini kicheko chake kilibaki kikinikera rohoni kuliko nilivyowahi kukiri.

Tulipomaliza matanga, watu walidhani nitaiacha kazi ile. Sikuiacha. Nikikaa barazani na mkoba mapajani, nyumba ilipungua ukimya, na hiyo ndiyo sababu ya kweli, si bidii wala ushujaa. Mwanakheri, yule mama mfanyabiashara wa Kongowea aliyekuwa rafiki wa mama yako, aliendelea kunipa mikoba inayokataliwa mtumba unapofunguliwa, yenye kuvu, yenye zipu zilizokufa, yenye mishikio iliyokatika. Nageuza bitana nje, naiosha kwa sabuni na siki, naukausha mkoba kivulini, kwa kuwa jua letu likiipata ngozi huipasua kama kisigino. Ndipo hufuata shazia, ile sindano nene, na uzi, gundi na rangi ya viatu. Lakini kazi hasa, kama mama yako alivyonifundisha, ni kumtoa mwenyewe. Watu wa zamani waliziita nguo za mitumba kafa Ulaya, yaani za mtu aliyefia huko, na ukiufungua mkoba uliotoka huko unaelewa kwa nini. Yule bibi aliyeubeba yumo bado, na manukato yake na sigara zake na unyevu wa kwao, na hakuna mnunuzi anayependa kutembea na bibi wa watu kwapani.

Katika kumtoa mwenyewe nimekuwa hodari, nisikufiche. Mwanakheri huapa wallahi kwamba hajaona mkono kama wangu. Jerioth, mama wa bara tunayepakana naye ukuta, amewaambia wanawake wa kanisani, nao wananiletea mikoba yao ya Jumapili. Nilizipenda sifa hizo, Kafedha. Nimezeeka sijawahi kusifiwa kwa kazi, maana hakuna amsifuye mbeba gunia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi ni mtoto wa mgema, ilinipasa nijue.

Mvua ilipopenya kabatini niliutoa mkoba wa mama yako kuutazama, nikakuta kuvu nyeupe imepanda pembeni. Kuiacha nisingeweza, kwa kuwa kuvu huila ngozi. Nilipaswa kuipangusa nje kwa kitambaa kikavu na kuurudisha mkoba mahali pakavu, basi. Nilianza hivyohivyo. Kuvu ilipotoka, ile kahawia ya zamani ikajitokeza, nikaona mshono mmoja umelegea, nikaukaza. Nikaona bizimu imefifia, nikaisugua mpaka ikameta. Hapo nikaanza kuiona harusi. Niliwaona wazazi wa Kimani, watu wa ofisi, wakinong'onezana mkoba ule umetoka duka gani, nawe ukiwaambia ni kazi ya baba yako. Nilimwona Tinga kwenye benchi la nyuma akiyasikia hayo. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu mama yako alipolala kitandani kwa ugonjwa. Redio ilikuwa ikiimba. Nikaigeuza bitana nje, nikaizamisha kwenye karai la sabuni na siki.

Nataka uniamini kwamba sikulidharau neno lako. Ingekuwa afadhali, kwani mtu aliyedharau anajua alichofanya. Mimi sikulikumbuka kabisa. Mikono ilikuwa kazini, na mikono yangu inapokuwa kazini haijui mkoba wa nani. Nilisugua, nikasuuza, nikabadilisha maji, nikasuuza tena. Nikaujaza majani makavu ya chai yavute harufu, nikautundika kivulini. Ulipokauka nikafanya kama nifanyavyo kwa kila mkoba kabla haujarudi kwa Mwanakheri, nikaingiza uso ndani nikavuta pumzi, kuhakikisha hamna mtu.

Hamkuwa na mtu.

Nilikaa chini palepale sakafuni. Kuna jambo sijakwambia wewe wala yeyote. Tangu tumzike mama yako, kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani nilikuwa nikiufungua mkoba ule kidogo tu, nikivuta pumzi moja, na kuufunga haraka ili nisimmalize. Nilijizuia hata siku nilizomtamani sana, siku ya kuzaliwa kwako, siku Kimani na wazee wake walipokuja kujitambulisha, kwa sababu nilijua na wewe utalihitaji fungu lako. Nilimtunza kwa uchoyo namna hiyo, kisha nikamwosha kwa mikono yangu mwenyewe kama bibi nisiyemjua aliyefia Ulaya. Naona nimemzika mara ya pili, na safari hii sikuwa na mtu wa kulia naye.

Nilijaribu kurekebisha. Nilinunua poda ileile, karafuu, na mafuta ya nazi kwa yule mama aliyekuwa akimkamulia, nikavitia kwenye kitambaa kwanza nione. Kitambaa kilinuka duka. Sikukitia mkobani. Nilimweleza Jerioth, naye akaniambia kwa nia njema kwamba Dama yuko kwa Bwana, hayumo katika mkoba. Niliitikia amina, kwa kuwa ni kweli, lakini nilirudi ndani nimekasirika, na kwa siku kadhaa nilimpita bila kumsalimu vizuri. Nimeshamwomba radhi.

Kwa hiyo mkoba utakaouona ni mzuri. Katika mikoba yote niliyotengeneza, sijatengeneza mwingine mzuri kama huo, na kila nikiutazama nasikia aibu. Sikwambii uubebe. Ukiona unakuchoma, ingia kanisani mikono mitupu, mimi nitakuja na nitakuwa kando yako vilevile. Wala sikuombi unisamehe upesi. Ukiwa na hasira nami ni haki yako, ulinikabidhi kitu kimoja tu. Ninaloomba ni kwamba hasira hizo usizimeze peke yako huko mbali. Njoo nazo nyumbani, nikae mbele yako, uniambie usoni, nami sitabadilisha mazungumzo.

Jerioth anakusalimu na anauliza kama mmepata wa kupika siku hiyo, maana yuko tayari kusafiri na sufuria zake. Mwanakheri anakuombea heri na kusema atakuletea udi, ukubali usikubali. Ami yako Tinga naye anakusalimu. Aliniletea mkoba wa mkewe niutengeneze, akautoa chini ya shati kama mwizi wa kuku, nami sikumtania, sina moyo huo siku hizi. Mfikishie Kimani salamu zangu, umwambie namwombea awe mtu anayesikia neno la mkewe mara ya kwanza.

Limebaki neno moja, na huenda ni roho yangu tu inayotapatapa. Pua yangu si ya kutegemewa tena. Siki na gundi zimeila, hata wali ukiungua jikoni ni Jerioth anayegonga ukuta kunijulisha. Ya kwako ni nzima, na ilimjua mama yako kabla macho yako hayajajua kumtambua. Chini kabisa ya mkoba, kona ya kushoto, bitana imeshonwa mara mbili kwa mkono wa mama yako mwenyewe, na hapo sikupafumua. Funga madirisha, ukate kamba, uingize uso mpaka pale. Ukimkuta, hata kama ni kidogo, ufunge mkoba upesi, kisha unipigie uniambie tu kwamba yupo. Usinieleze zaidi, baki naye. Na simu isipolia, mama, nitakuwa nimekuelewa.

Ni mimi baba yako,
Munga