Malkia na Upepo wa Julai

Alhamisi usiku, Msamala

Leo tulikuwa kwenye mazoezi ya ule mchezo wa kale wa Kiingereza, uliotungwa enzi ambazo michezo ilichezwa kwenye majumba yasiyo na paa. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania tuucheze nje. Zuhura, malkia wetu, alikuwa akimlilia mwanawe aliyekufa vitani. Upepo ukaja, ukajaa kwenye pazia, na nguzo iliyolishikilia ikang'oka na kuanguka karibu kabisa na kichwa chake.

Mkuu wa shule aliona yote. "Mwalimu, kesho mtachezea bwaloni. Mtoto wa watu akiumia, utamwambia nini baba yake?"

Lakini bwaloni, mabati ya paa yakianza kupiga kelele, hakuna anayesikia neno.

Zuhura akajipangusa vumbi. "Mkuu, naomba tuondoe pazia na nguzo zote. Nitasimama hivihivi."

Tukaziondoa. Akaanza upya. Upepo uliporudi hakushindana nao. Alinyamaza, kitenge kikipepea, akaungoja upite, kisha akaliita jina la mwanawe kwa sauti ya chini. Wapishi walitoka jikoni kumtazama.

"Haya, nje," mkuu akasema. "Lakini nitakaa mbele."

Nimefurahi, ila usingizi hauji. Baba yake Zuhura yuko njiani kutoka Tunduru, anakuja kumtazama akiigiza. Nitamweleza mwenyewe habari za ile nguzo kabla mchezo haujaanza. Akimkataza binti yake, basi hatuna malkia, na sitamlaumu.